Wimbo wa Fatai

Haya yalimkuta rafiki yangu Losaline, hapa hapa Neiafu, kisiwani kwetu Tonga. Sauti ya marehemu mumewe, Fatai, ilibaki kwenye kompyuta tu, wimbo mmoja wa kanisani. Binti yake alimkanya asichomeke flashi ya mtu, virusi vitaula. Lakini Lupe, dada yake Fatai, akaja kuunakili, na kwetu dada wa mume hakataliwi kitu.

"Wee wifi, choyo mpaka cha wimbo wa kaka yangu?" Lupe akacheka, akachomeka flashi yake.

Kioo kikazima, giza tii. Losaline akainuka. Akachomoa waya ukutani.

Ndipo Fatai akaanza kuimba. Katikati akanyamaza. Kiti kitupu kikaburuzwa, nyayo zikaelekea mlangoni taratibu, kama kwetu kaka anavyotoka kwa heshima dada yake akiingia chumbani.