Bwana Harusi Aliyewahi

"Yaani riwaya nzima, halafu mhalifu hatumjui?" mama mmoja alifoka kutoka safu ya mbele, kikombe cha udongo cha chai mkononi. "Kaka Nirupam, turudishie muda wetu!"

Duka zima la vitabu likacheka. Mimi sikucheka. Nilijibanza nyuma, kwenye rafu za kamusi, nimejitanda ncha ya sari kichwani kama mwizi.

Nirupam alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Mvi zimemjaa. Kolkata nzima inasoma riwaya zake za mauaji. Mimi namjua kama mwanaume aliyenikimbia siku ya harusi yangu.

"Shangazi, wahalifu wote nimewakamata," alisema. "Huyu amenishinda."

"Basi tueleze, bwana harusi aligeuza basi la harusi njiani kwa nini? Mwanaume mzima!"

"Alipata ujumbe kutoka simu ya bibi harusi." Akafungua kitabu, akasoma: "'Usije. Nimeshaondoka na ninayempenda. Ukija utawaaibisha wazee wako.' Akapiga simu, imezimwa. Akapiga tena, imezimwa."

Mungu wangu, mimi sikuandika ujumbe wowote!

Siku ile nilikuwa nimefungiwa chumbani na njaa ya mfungo, nyayo zimepakwa rangi nyekundu. Kuhani alishataja saa ya nyota ya kufunga ndoa. Kwetu saa hiyo ikipita bwana harusi hajafika, binti anakuwa mkosi, hakuna atakayemposa tena. Mama alishaanguka chini kwa kilio. Ndipo Somnath, rafiki wa kaka yangu, akajitokeza uani na jasho lake la kubeba viti.

"Mjomba, mkiniridhia, nitamuoa mimi."

Baba, na uzee wake, alimshika miguu. Mpaka leo ukoo mzima unamwita bwana harusi aliyewahi. Nami nimempikia, nimemzalia, nimemshukuru kila siku ya Mungu.

Na simu yangu? Nilimpa Somnath, amwelekeze dereva wa basi la bwana harusi vichochoro vya kwetu.

Nikatoka nje, nikampigia.

"Mama Mithi, uko wapi? Nimekaanga samaki, wali unapoa."

"Baba Mithi, siku ya harusi simu yangu ulikuwa nayo wewe."

Nikasikia mafuta yakichemka kwenye karai.

"Ulimwandikia nini Nirupam?"

"Nani kakwambia hayo..."

"Nijibu!"

"Nilikupenda kabla yake, Ketaki." Sauti ilimkatika. "Nimetaka kukwambia siku nyingi. Kila ukinishukuru, nashindwa."

"Baba alikushika miguu, Somnath. Amekufa anakuombea dua."

"Rudi nyumbani. Nitukane, nipige, ila rudi."

Nikakata. Nililia palepale kwenye ngazi, watu wakinipita na vitabu vyao.

Foleni ya saini ilipokwisha nikarudi ndani, nikasogea mezani kwake. Nirupam aliinua uso, kalamu ikamdondoka.

"Ketaki! Huyo uliyeondoka naye... alikutunza?"

"Sikuondoka, Nirupam. Nilikaa na majani ya tambuu ya bibi harusi mkononi, nakusubiri."

"Ule ujumbe..."

"Sikuandika mimi."

Alijifunika uso kwa viganja.

"Lilibaki daraja moja tu," alisema. "Ningeshuka nikaja hata kwa miguu, nikaona kwa macho yangu."

"Ungekuja."

Nilitaka kumfariji, moyo ukakataa. Na yeye aliamini upesi mno.

"Nisainie kitabu," nikamwambia.

"Niandike kwa nani?"

"Kwa mume wangu. Andika: Kwa Somnath, bwana harusi aliyewahi."

Mkono ukasimama hewani.

"Somnath? Yule aliyekuwa anamwelekeza dereva wetu njia?"

"Huyohuyo."

Aliinamia kitabu, akaandika. Chozi liliangukia wino, hakulifuta.

Nyumbani Somnath alikuwa amesimama mlango wa jikoni, macho mekundu, sahani mbili mezani zimefunikwa.

"Umerudi," alisema. "Asante. Umerudi."

Nikafungua kitabu penye saini, nikakiweka kando ya sahani yake.

"Kula, kisha usome. Wanasema mhalifu hajulikani."

Aliyasoma yale maneno, akapiga magoti palepale na kuishika miguu yangu, kama Baba alivyoishika yake. Nikaitoa taratibu, nikaingia chumba cha Mithi, nikafunga mlango kwa ndani.