Mkia wa Grafu ya Homa

Saa tatu kamili asubuhi, kinenahesabu kilikohoa.

Kikohozi hicho kilikuwa matunda ya utafiti wa miaka miwili. Wahandisi waligundua kwamba mashine ikianza kusema bila kukohoa, maprofesa huendelea kuzungumza. Ikikohoa, wote hunyamaza na kutazama mlangoni, kwa woga waliobaki nao tangu shule ya bweni, enzi zile mwalimu wa zamu alipokuwa akitokea darasani wakati wa kujisomea.

Kwa umbo kinenahesabu hakikuwa na la kujivunia. Kilikuwa sanduku jeusi lenye ukubwa wa jiko la mkaa, na juu yake kioo cha duara. Ajabu yake ilikuwa kazi. Ukikilisha makala ya hisabati, hata iwe na milinganyo mia mbili, hukaa kimya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha hukueleza kwa Kiswahili cha sokoni makala hiyo inasema nini hasa. Siku kilipozinduliwa, profesa mmoja mwenye heshima zake, bingwa wa mbu, alikilisha kurasa arobaini na moja. Kikakohoa, kikasema: "Mbu wakiwa wengi, wataendelea kuwa wengi." Profesa aliteremka ghorofa kumi na nane kwa ngazi, ingawa lifti ilikuwa nzima.

Tangu hapo Jarida la Hisabati ya Uhai, lenye makao yake jijini Mbeya, halikupokea makala yoyote ambayo haikupita mbele ya sanduku hilo. Mbeya ya mwaka 2094 ilikuwa jiji la kustaajabisha. Joto la majumbani lilichotwa chini ya milima, watu walipanda Mlima Loleza kwa viti vya waya, na roboti mia tatu zilifagia ukungu mitaani kila asubuhi. Ukungu ulikuwa bado unaongoza, lakini roboti hazikukata tamaa.

Masharti mengi ya jarida yalikuwa yaleyale ya zama za mababu. Mistari ipewe namba. Michoro isomeke bila kukodoa macho. Kila mwandishi aeleze alichofanya, zaidi ya kuwa mkuu wa idara. Sharti la kumi na nne ndilo lililokuwa jipya, nalo lilikuwa fahari ya jarida. Makala inayohusu viumbe wanaoweza kusema ilipaswa kwanza kusomwa mbele yao, na watatu kati yao wakubali, kwa kuweka sahihi, kwamba ndio hao wanaosemwa. Samaki walisamehewa.

Asubuhi hiyo aliyekaa mbele ya sanduku alikuwa Dokta Sekela Mwaisumo, mwanahisabati wa magonjwa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na kucha alizozitafuna mpaka zikaisha. Kando yake alisimama Gwamaka, mhandisi wa kinenahesabu, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kukitunza na kazi yake halisi ilikuwa kukitania.

Sekela alikuwa na haki ya kutafuna kucha. Kila kiangazi, bonde la Usangu lilikumbwa na homa ya vumbi. Kwa muda mrefu wanahisabati waliokuwa wakifuatilia homa kama hizo waliwagawa watu katika makapu matatu: wanaoweza kuugua, wanaougua, na waliopona. Kisha kompyuta ilihamisha watu kutoka kapu hadi kapu, siku baada ya siku, kama mtu anayepanda ngazi huku akihesabu kila kidato. Sekela alikuwa amepata kanuni isiyopanda ngazi. Ukiipa idadi ya watu, joto na upepo, inaruka moja kwa moja mpaka juu na kukutajia siku atakayougua mgonjwa wa mwisho. Kwa kijiji cha Ilolela ilisema siku ya hamsini na nne. Ilikuwa fupi kiasi cha kuenea kwenye ukucha wa dole gumba. Gwamaka alikuwa ameiandika kwenye wake, na tangu Jumatatu alikuwa akinawa mkono mmoja.

Mlango wa toleo maalumu la homa ungefungwa saa kumi jioni siku hiyohiyo. Huko Bujumbura kundi la wataalamu lilikuwa likiikaribia kanuni ileile. Atakayewahi, kanuni ingeitwa kwa jina lake, na wanafunzi wangeikariri na kumlaani kwa miaka mia mbili ijayo. Mwanahisabati hana heshima kubwa kuliko hiyo.

"Rejeo la kumi na saba halipo duniani," kilisema kinenahesabu.

"Hilo nimelichomeka mimi," alisema Gwamaka. "Nilitaka kujua kama unasoma kweli."

"Gwamaka!" Sekela alifoka. "Leo?"

"Leo ndiyo siku ya kujua, Dokta."

Ukaguzi wa mistari na michoro ulichukua asubuhi nzima. Mchoro wa tatu ulipita, ingawa kinenahesabu kilitaja kwamba grafu yake imekatwa siku ya hamsini na nne, na kwamba maandishi madogo chini yake yalisema nukta zilizobaki ni kelele za takwimu. Kelele ni jina ambalo wataalamu huzipa nukta zinazokataa kukaa zinapotakiwa. Grafu ya Ilolela ilikuwa na mkia wa nukta ishirini na tatu za namna hiyo. Sekela aliukata mkia kwa roho safi. Kila grafu aliyowahi kuiona ilikuwa na mkia.

Saa nane mchana Gwamaka aliwasha taswirahewa, na ofisi ya kijiji cha Ilolela, iliyokuwa mbali chini bondeni, ikasimama katikati ya chumba, imefumwa kwa mwanga mtupu. Ilikuja na benchi, bendera, wasikilizaji watatu na kuku mmoja ambaye hakualikwa. Kuku huyo wa mwanga alipita ndani ya meza ya Gwamaka bila kuomba radhi.

"Mnatuona?" aliuliza mama mmoja mnene mwenye kitenge cha manjano. Huyo alikuwa Mama Minza, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji.

"Tunawaona vizuri, mama. Shikamoo," alisema Sekela.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko juu hamli?"

Wa pili alikuwa Masalu, mfugaji mwenye kofia pana. Wa tatu, Nyamizi, alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaa mwisho wa benchi na kuitikia salamu kwa kichwa.

Kinenahesabu kilikohoa. Wasikilizaji wote watatu wakakaa wima.

"Makala hii inaeleza jinsi homa ya vumbi inavyoisha Ilolela," kilisema. "Ili hesabu ikubali, mwandishi anaomba mkubali mambo matatu. La kwanza: kila mtu wa Ilolela hukutana na kila mtu mwingine wa Ilolela, kwa kiasi kilekile."

Masalu aliinua mkono. "Yaani na mama mkwe nakutana naye sawasawa na ninavyokutana na mke wangu?"

"Kwa mujibu wa mlinganyo wa pili, ndiyo."

"Basi mlinganyo wa pili umenivunjia heshima."

"Tulia wewe, Masalu," alisema Mama Minza. "Mkweo mwenyewe akikuona anabadili njia. Endelea, baba sanduku."

"La pili: upepo huvuma kwa nguvu ileile kwenye kila nyumba."

"Hilo kweli," alisema Mama Minza. "Hauchagui."

"La tatu: kila anayekufa, siku hiyohiyo mwingine huingia mahali pake, na jumla ya watu haibadiliki."

Masalu alicheka. "Anaingia kama mchezaji wa akiba?" Kisha akamtazama Nyamizi, akavua kofia na kuipakata.

Nyamizi alikuwa amesogea mbele ya benchi. "Mimi nina swali," alisema.

"Uliza, mama."

"Huyo aliyeingia mahali pa Kabula wangu, ni nani?"

Sekela alimfahamu Kabula kwa namba. Waliokufa Ilolela walikuwa kumi na mmoja kati ya watu elfu nne, na mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, siku ya arobaini na saba.

"Pole sana, mama," alisema. "Hakuna aliyeingia. Ni kwenye hesabu tu. Tukichukulia hivyo, jumla haibadiliki, na isipobadilika, ile herufi iliyo chini ya..." Aliacha. Kila sentensi iliyofuata ilikuwa ya herufi.

"Sigombi, mwanangu," alisema Nyamizi. "Nauliza kwa sababu mbuzi niliwapeleka mimi."

"Mbuzi?"

"Kabula ndiye aliyekuwa anachunga. Alipoondoka, mbuzi hawakungoja matanga yaishe. Kesho yake asubuhi nilimwacha mtoto mdogo kwa Mama Minza, nikaenda nao."

"Hamna roboti ya kuchunga huko?" aliuliza Gwamaka.

"Ipo," alisema Masalu. "Mbuzi wanaipanda wakitaka kuona mbali."

"Mtoto alikuwa na joto kidogo," aliendelea Nyamizi. "Nilidhani ni meno."

"Nikambeba mgongoni kutwa nzima," alisema Mama Minza polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. "Baada ya siku tisa nikalala kwa homa mimi. Wakafuata wajukuu wawili. Halafu shule."

Sekela aliligeukia sanduku. "Nipe nukta ya kwanza baada ya siku ya hamsini na nne."

"Siku ya hamsini na saba. Mwanamke, miaka sitini na mitatu."

"Sitini na miwili!" alisema Mama Minza. "Watu wa takwimu hawa! Na mwaka wamenipa wa bure!"

Sekela hakucheka. Alifungua mchoro wa tatu, akaurudisha mkia alioukata. Nukta ishirini na tatu zilijipanga kwenye kioo, kutoka siku ya hamsini na saba mpaka ya tisini na mbili. Kwa miezi minane alikuwa amezitazama kama vumbi kwenye miwani. Sasa aliona kwamba nukta ya kwanza ilikuwa imevaa kitenge cha manjano, na ilikuwa ikimtazama.

Anayekufa huacha ndoo, jembe, mbuzi na mtoto wa kubebwa. Anayebaki huvichukua, na kwa kuvichukua hubadili njia zake na nyumba anazoingia. Homa haikuwa imerudi Ilolela yenyewe. Ilipita katika nafasi zilizoachwa wazi, pamoja na watu waliokuwa wakikimbia kuziziba. Kwenye kanuni ya Sekela nafasi hizo hazikuwepo, maana alikuwa amezijaza zote kwa mstari mmoja, ukurasa wa nne.

"Mwanangu," alisema Mama Minza, "usihangaike. Kama ni sahihi, tunakuwekea. Tunajua umetoka jasho."

"Nami naweka," alisema Nyamizi. Hakuonekana kuwa na kinyongo chochote.

Gwamaka alimsogelea Sekela na kushusha sauti. "Dokta, chukua sahihi zao. Tuwahi kwanza, marekebisho yataingia toleo lijalo. Bujumbura hawalali."

Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Sekela alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo. Aliutazama pia ukucha wa Gwamaka.

"Futa lile jambo la tatu," aliliambia sanduku. "Anayekufa, nafasi yake inabaki wazi. Wanaomzunguka wanagawana kazi zake, na wanabadili nyumba wanazoingia. Piga hesabu upya."

Kinenahesabu kilinyamaza. Chai iliisha, ikamiminwa nyingine, nayo ikaisha. Mtambo huu, uliowahi kumeza nadharia za maprofesa sita kwa asubuhi moja, ulitoa joto mpaka Gwamaka akaufungulia dirisha. Ukungu ukaingia ukiwa umejaa furaha ya ushindi. Hatimaye kikohozi kilisikika.

"Kanuni imevunjika," kilisema kinenahesabu. "Jibu fupi halipo tena. Kuna ngazi tu, na lazima zipandwe moja moja."

Kwenye kioo mchirizi mwekundu ulianza kujichora. Ulipanda, ukashuka, ukafika siku ya hamsini na nne. Haukuzama. Ulisita, ukainuka kidogo, kisha ukateremka taratibu ukizigusa nukta, moja, mbili, tano, kumi na tisa. Katika maisha yake yote Sekela hakuwahi kuona kitu kibaya kama mlinganyo uliouzaa mchirizi ule. Ulijaza ukurasa mzima na haukuwa na umbo. Hata hivyo alijikuta amesimama, mkono mdomoni, kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa ukianza ghafla.

"Zimebaki nne," alisema.

"Kwa hizo nne sina taarifa," kilisema kinenahesabu. "Nimekisia kwamba kazi za marehemu wote zinafanana na za Kabula. Makisio hayo ni mabaya."

Sekela aliburuta kiti mpaka kikaingia ndani ya ofisi ya mwanga, akakaa karibu na Nyamizi hivi kwamba magoti yao yangegusana kama Ilolela isingekuwa mbali kiasi kile.

"Mama, una haraka?"

"Mbuzi wamekwisha kunywa."

"Nataka unieleze alichokuwa anafanya Kabula kwa siku, tangu anaamka. Na baadaye nani alifanya lipi. Kisha nataka na wengine, wote kumi na mmoja."

Nyamizi alimtazama kwa muda, kama mtu anayekagua kama mzigo alioombwa kuutua utapata mahali pa kukaa. Kisha akaanza. Kabula aliamka kabla ya jogoo. Alipenda kuwaita mbuzi kwa majina ya walimu wake. Maji alichota mara mbili, ya pili kwa ajili ya bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye sasa huchotewa na mtoto wa Masalu. Masalu aliitikia kwamba ndiyo, na kwamba mtoto huyo naye aliugua, siku ya sitini na sita. Kwenye kioo mchirizi ulijisogeza, ukaigusa nukta ya ishirini.

"Dokta," aliita Gwamaka. "Zimebaki dakika sita. Nafuta jina letu kwenye foleni ya toleo, au?"

"Futa. Halafu kaa chini uandike. Hili sanduku haliwezi kuuliza maswali."

Gwamaka alibonyeza kitufe, akaketi sakafuni kando ya kuku na kufungua daftari. Alishika kalamu kwa mkono wenye kanuni, akaanza kuandika majina ya mbuzi.

"Wa pili?" aliuliza Sekela. "Alikuwa nani, na kazi zake alizichukua nani?"

Wale watatu walitazamana kwenye benchi lao la mwanga.

"Wa pili ni Mzee Ngeleja," alisema Mama Minza, akivuta kitenge na kujiweka sawa. "Alikuwa mlinzi wa pampu, mnyoaji, mwamuzi wa mpira, na ndiye aliyekuwa anatusomea barua. Agizeni chai nyingine, wanangu. Huyo hajapata mtu mpaka leo."