Nguo za Cagliari, Mabega ya Sassari

Mguu ulioikanyaga sketi ya Grazietta Loddo asubuhi ya tarehe mosi Mei ulikuwa mguu wa mtu wa Sassari. Alilijua hilo kabla hajageuka, maana mwenye mguu aliomba radhi kwa lafudhi ya kaskazini.

"Samahani, dada. Sikuiona."

"Hukuiona? Kitambaa chekundu mita sita, hukukiona?"

Barabara ya Roma, katikati ya Cagliari, ilikuwa imefurika. Ng'ombe waliokuwa wakivuta mikokoteni walikuwa wamevishwa maua kwenye pembe, wageni wamejazana kwenye majukwaa na kamera zao, na chini kulikuwa na zulia la maua ya waridi yaliyomwagwa kwa ajili ya gari la sanamu ya Mtakatifu Efisio. Kundi la wanawake wa mtaa wa Villanova lilikuwa limebakiza robo saa kuingia barabarani, na marinda ya Grazietta yalikuwa yamefumuka kiunoni, upana wa kiganja.

Yeye ni fundi cherehani, hatembei bila sindano. Aliichomoa kifuani, katikati ya lesi na vifungo vya dhahabu.

"Piga magoti," alimwambia yule mwanamume. "Shika hapa. Siyo hapo. Hapa."

Akapiga magoti juu ya maua. Alikuwa na mabega mapana kama mlango, shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi.

"Mikono yangu imezoea mbao," akasema.

"Inaonekana. Unaitwa nani?"

"Gavino Satta. Seremala. Nimemleta shangazi yangu amwone mtakatifu wenu."

"Sassari. Si ndiko, kama watu wasemavyo, mnakonyonga baba zenu?"

"Wangu mzima, yuko nyumbani anacheza karata. Nikupe namba yake umuulize mwenyewe?"

Grazietta aliuma uzi akaukata. Alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Nipe yako. Hii ikifumuka njiani nijue wa kumlaani."

Haikufumuka. Alitembea nayo hadi Nora, alikouawa mtakatifu, na kurudi, siku nne, nyuma ya mtakatifu, kama alivyofanya kila mwaka tangu akiwa na miaka kumi na sita. Jioni ya tarehe nne aliingiza miguu yenye malengelenge kwenye beseni la maji ya chumvi, akapiga simu.

"Imeshika," akasema.

"Pole yangu."

"Pole ya nini?"

"Siku nne nangoja kulaaniwa, simu haiiti."

Wakaanza hivyo. Mei yote na Juni yote, kila Jumapili Gavino alipanda treni kwa muda wa saa tatu na zaidi kuja kusini. Walikula kome na fregula, vile vitembe vya ngano, karibu na ufuo wa Poetto, wakabishana. Gavino alimwambia watu wa Cagliari wana upepo mwingi, hadi umewaingia kichwani. Grazietta alimwambia hawezi kumsikiliza mtu ambaye mji wake mzima unakula konokono na kujisifu.

"Uje Agosti kumi na nne, roho yangu. Uje uone vinara vyetu vya mbao vinavyocheza barabarani."

"Gogo la mbao lenye tepe?"

"Gogo hilo tunalibeba watu wanane, na mmoja ni mimi. Kilo mia tatu na ushee."

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini? Mimi nimeshapanda treni mara nane."

"Ndiyo maana nafikiria. Umeshazoea kuja, kwa nini nikuharibie?"

Mwezi wa Julai televisheni ilikuwa na kipindi kuhusu sherehe za kisiwa, kwa ajili ya wageni wanaopanga safari. Gavino alimwambia mapema kwamba mwandishi amefika kwenye karakana yake. Grazietta akawaita wanawake wote wa kundi lake, wakajazana dukani kwake kati ya mashine na vitambaa. Alitaka wamwone. Bonaria, kiongozi wao, mwanamke wa miaka sitini mwenye ulimi wa kukata chuma, akapewa kiti cha mbele.

Gavino akatokea, amesimama kando ya kinara kirefu cha chama cha mafundi seremala. Alipendeza, wote walikiri. Mwandishi akamuuliza tofauti ya sherehe yao na ile ya Cagliari.

"Wao wana nguo, sisi tuna mabega," Gavino akajibu akicheka. "Kule mtu akishavaa vizuri, sherehe imekwisha."

Mmoja wa wanawake akaizima televisheni. Kisha Bonaria akainuka, akajikung'uta sketi ingawa haikuwa na vumbi.

"Huyo ndiye wako?" akauliza, na hakungoja jibu.

Simu iliita kabla mwanamke wa mwisho hajatoka.

"Umeniona?" Gavino alikuwa na furaha.

"Nimekuona. Na nimekusikia."

"Aa, lile? Ulikuwa mzaha tu, laazizi. Si tunataniana kila siku?"

"Mimi na wewe tunataniana mezani. Wewe leo umepanda juu ya paa ukatangaza."

"Grazietta…"

"Mama yangu alitembea zile siku nne akiwa na mimba yangu ya miezi saba. Mwambie huyo mwandishi wako kwamba alikuwa anaonyesha nguo."

Akakata. Hakupokea tena. Gavino alipanda treni, akagonga mlango wa duka hadi majirani wakafungua madirisha. Bonaria alichungulia kutoka ghorofani kwake.

"Hayupo," akamwambia. "Na kama yupo, hayupo."

Grazietta alikuwa nyuma ya pazia, ameshika mkasi bila kukata chochote. Alimwona akikaa kwenye ngazi za kanisa lililo mkabala, kichwa kimeinama, mpaka muda wa treni yake. Alimpenda. Hilo ndilo lililomchoma: mtu asiye kitu kwako akikutukana, unalala usingizi wako.

Agosti kumi na tatu alitandika meza, akaanza kupiga pasi marinda, moja moja. Bonaria akamkuta.

"Unakwenda kumsamehe?"

"Nakwenda kuonekana."

Kesho yake alisafiri amevaa vazi lote: sketi nyekundu, kizibao cha hariri, aproni nyeusi, shela ya lesi, dhahabu shingoni na masikioni. Nje ilikuwa joto la kuchemsha maji. Ndani ya treni watu walisimama kumpisha kama anayepita ni askofu. Alipotokea kwenye barabara kuu ya Sassari, saa kumi na mbili jioni, jua bado kali, jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni, lakini uso aliuinua.

"Umechelewa, mama," kijana mmoja akamtania. "Mtakatifu wenu alipita Mei."

"Nimemwacha anapumzika. Yeye hutembea siku nne, si kama nyinyi mnaoshuka mtaa mmoja. Hebu nipishe."

Waliosikia wakacheka, wakampisha, akapata nafasi mbele.

Vinara vilikuja kimoja kimoja kwa ngoma na zumari, virefu kupita madirisha ya ghorofa ya kwanza, tepe zikimwagika kutoka juu. Cha maseremala kilipokaribia alimwona Gavino mbele kushoto, boriti ya kubebea begani, shingo imevimba mishipa. Gavino naye akamwona, akakosa hatua. Kinara kikayumba, barabara yote ikavuta pumzi.

"Nani huyo?" mzee Nanneddu, mkuu wa wabebaji, alifoka, fimbo mkononi. Gavino akamwambia kitu. Mzee akamtazama Grazietta kwa muda, kisha akaja hadi mbele yake.

"Wewe ndiye wa nguo?"

"Ndimi."

"Huyu mpumbavu alituaibisha hata sisi, binti yangu. Tauni iliyowafanya babu zenu waweke nadhiri ya kutembea ndiyo hiyohiyo iliyotufanya sisi tuweke ya kubeba. Wafu walikuwa wamoja."

Akarudi, akainua fimbo. Ngoma ikabadilika. Na kile kinara, ambacho huchezeshwa mbele ya meya na wakubwa, kikageuka kumwelekea mwanamke wa Cagliari, kikazunguka, kikainama, kikazunguka tena. Grazietta alikuwa karibu kiasi cha kusikia mbao zikilia na watu wanane wakihema kwa pamoja. Chini ya kitambaa cha begani, shati la Gavino lilikuwa limelowa damu. Neno "gogo" lilimrudia, akaona haya peke yake, pale pale alipokuja kuwatia wengine haya.

Walipokitua kupumzika, mwandishi yule yule wa Julai alikuwa tayari na kipaza sauti chake. Gavino akakivuta.

"Mwezi wa saba nilisema neno la kijinga. Wenzetu wanatembea siku nne kwa miguu. Mimi nabeba jioni moja, halafu nakwenda kula."

Mwandishi akamgeukia Grazietta, akamuuliza angewaambia nini wageni.

"Mei waje kwetu, wavae viatu vizuri," akasema. "Agosti waje huku, wavue kofia."

Kisha akamchukua Gavino kando, akamfunulia kitambaa begani, akautazama mchubuko.

"Mimi nami nilikiita gogo," akasema polepole. "Sitakiita tena."

"Unioe, basi."

"Mwanamume ndiye huoa. Uliza vizuri."

"Nikuoe, Grazietta?"

"Wapi?"

"Hapa Sassari."

"Hapana."

"Na kule Cagliari, Bonaria atanitupia chungu."

"Atakutupia."

Gavino akafikiri, jasho likimdondoka kidevuni. "Oristano, basi. Katikati."

"Oristano hatuna ndugu hata mmoja."

"Ndiyo maana. Hakuna atakayesema ameshinda."

Grazietta akaliangalia lile vazi lake, lililolowa lote, halafu lile bega. "Na mtoto?"

"Mei anatembea na wewe. Agosti anabeba na mimi."

"Na akiwa msichana?"

Gavino akakitazama kinara. Kwa mamia ya miaka hakuna mwanamke aliyewahi kuweka bega chini ya kinara kile, na wote wawili walilijua hilo. Akageuka.

"Mzee Nanneddu," akaita, "nikizaa binti, atabeba?"

Mzee alikuwa anakunywa maji. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akawatazama, seremala na mwanamke wa Cagliari, na watu wote wa chama wakawa wanamngoja.

"Wewe mzae kwanza," akasema. "Akija na mabega ya baba na kichwa cha mama, nani atamzuia?"

Ngoma ikaita. Gavino akarudi chini ya boriti. Grazietta alipewa kiti akakikataa. Akainua sketi yake kidogo, akatembea kando ya kinara mtaa mzima hadi mlangoni mwa kanisa ambako vinara huishia.