Yustina na Vumbi la Kioo

Kila alipotoka shule, Yustina alikula muhogo wake upesi upesi, akavua sare, akavaa gauni kuukuu, kisha akachukua kitambaa chake cheusi kilichoanikwa kambani na kukimbilia karakana ya mjomba wake. Haikuwa mbali. Kutoka kwao Ufukoni unapita bomba la maji, unapita duka la mafuta ya taa, unafika kwenye banda la mabati linalonguruma mchana kutwa kama lori lililokwama matopeni. Hapo ndipo mjomba huyo, Fundi Mathayo, alipofanyia kazi ya vioo.

Si kwamba alivitengeneza tangu mwanzo. Vioo vilikuja na meli, vikiwa wazi, vinaonyesha kila kitu. Kazi ya Mathayo ilikuwa kuvitia ukungu na mapambo. Katika ujana wake alichonga mpingo kule Newala, baadaye akaajiriwa bandarini kukwangua kutu kwenye vyuma kwa mashine inayopuliza mchanga kwa nguvu ya upepo. Siku moja mchanga ule ulipiga kioo cha dirisha kwa bahati mbaya. Wenzake wakasikitika kwamba kioo kimeharibika. Mathayo alikigeuza huku na huku, akaona mwanga unapita lakini mtu wa upande wa pili haonekani. Akajiambia, hapa kuna biashara.

Na kweli ikawa biashara. Wenye maofisi walitaka vioo vya namna ile, na wenye mahoteli walitaka majina yao yaandikwe humo. Yustina alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano tu, lakini kazi aliijua. Mchanga uliletwa kutoka bondeni, maana ule wa baharini una chumvi na vipande vya makombe. Ulioshwa, ukaanikwa, ukachekechwa. Kisha pambo lilichorwa juu ya mpira wa tyubu ya gari, likakatwa kwa kisu, na mpira ukagandishwa kwenye kioo. Kioo kiliwekwa ndani ya sanduku la mbao lenye matundu mawili ya kuingizia mikono. Mathayo alishika bomba, na Yustina akawa anajaza mchanga. Palipofunikwa na mpira palibaki pang'avu, na palipokuwa wazi pakaingia ukungu. Ukibandua mpira, pambo hilo linakutazama.

Mama yake, Sabina, alimruhusu kufanya kazi ile kwa sharti moja tu.

"Kitambaa puani," alimwambia. "Ukikivua, kazi imekwisha. Sitaki kusikia mara joto, mara nilisahau."

Mama hakuwa anatisha bure. Alimjua Mzee Bakari, ambaye zamani alipuliza mchanga pamoja na Mathayo bila kujifunika. Sasa Mzee Bakari akienda msikitini ilimbidi apumzike njiani, na msikiti wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kwa hiyo kila jioni Mama alikifua kitambaa cha Yustina kwa mkono wake, na juu ya kitambaa Mathayo alikuwa amemshonea kofia ya turubai ya kufunika uso mzima, yenye kidirisha cha kioo mbele ya macho.

Mwezi ule walipata kazi kubwa. Zahanati moja upande wa Mahurunga ilitaka vioo vya chumba cha wazazi. Watoto wa kijiji walikuwa wanapanda madirishani kuchungulia, na akina mama walikuwa wamechoka. Lori lingeondoka Jumamosi, kabla mvua hazijafunga barabara.

"Kioo cha mlangoni nakuachia wewe, mjomba," Mathayo alimwambia Yustina, maana mjomba na mpwa wake huitana hivyo hivyo. "Chora unachotaka. Ila ukumbuke, kioo ni cha mteja. Tukikiharibu, hasara ni yetu."

Yustina alichora kuku na vifaranga, na pembeni akazungusha mistari ya nembo kama ile iliyochanjwa usoni mwa bibi yake. Usiku hakulala vizuri kwa furaha.

Basi siku ya Jumatatu alitoka nje ya banda kuchota mchanga, kofia ya turubai ikiwa kichwani. Watoto walikuwa wamepanga foleni bombani. Issa, aliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyemwona kwanza.

"Jamani, kimbieni," alisema taratibu. "Lipiko limetoka mchana."

Lipiko ni yule mchezaji wa ngoma ya Kimakonde anayeficha uso kwa kinyago cha mti. Wasichana hufundishwa kumkimbia tangu wakiwa wadogo. Foleni nzima iliangua kicheko.

"Tena hili limevaa gauni," aliongeza mwingine.

"Litachumbiwa na nani?" akauliza Issa. "Labda lipiko mwenzake."

Hayo Yustina angeyavumilia. Lakini Zainabu, rafiki yake wa kukaa naye dawati moja, naye alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Hilo lilimchoma.

Kesho yake aliiacha kofia msumarini na kitambaa akakitia mfukoni. Alijiambia, sanduku limefungwa, vumbi litatokea wapi? Lakini vumbi lile ni jembamba kuliko unga wa muhogo, na halingoji kufunguliwa mlango.

"Umejifunika, mjomba?" Mathayo aliuliza kutoka ndani ya kofia yake.

"Nimejifunika, mjomba."

Mathayo akaendelea na kazi. Kidirisha cha kofia yake mwenyewe kilikuwa kimekwanguliwa na mchanga hata kikaingia ukungu kama vioo vya wateja, na mtu aliyekuwa karibu naye alionekana kwake kama kivuli tu.

Jioni Mama alikifua kitambaa, maji yakabaki safi kama yalivyochotwa.

"Leo mlipumzika?" aliuliza.

"Tulifanya kidogo tu, Mama."

Yustina aliona hatari ilivyompita karibu. Kesho yake, kabla ya kurudi nyumbani, alichota vumbi la chini ya sanduku akalisugua kwenye kitambaa mpaka kikachafuka vizuri. Alipofika nyumbani alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza, na kope zake zilikuwa na weupe kama za mtu aliyetoka kutwanga.

Mama alikipokea kitambaa, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha akaketi.

"Yustina, upande wenye mshono ni wa wapi?"

"Wa puani."

"Mbona wa puani ndio mchafu, na wa nje ni safi? Hili vumbi lilipita wapi likafika ndani bila kugusa nje?"

Yustina alifungua mdomo kujibu, akakohoa.

"Kazi imekwisha," Mama alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, na kioo changu? Lori ni Jumamosi. Mjomba peke yake hawezi kushika bomba na kujaza mchanga."

"Kioo hakikohoi, mwanangu. Wewe unakohoa."

Asubuhi Mama hakumpeleka shule kwanza. Alimpeleka kwa mganga wa zahanati ya mtaa, naye mganga akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kwa bahati kilikuwa kizima, kikohozi kingepoa. "Lakini msirudie," mganga alisema. "Vumbi la mchanga likishajijenga mle ndani, mimi sina dawa yake." Kutoka pale wakaenda moja kwa moja karakanani. Mzee Bakari alikuwa ameketi nje juu ya kreti, anazungumza na Mathayo.

"Sema mwenyewe," Mama alimwambia Yustina.

Yustina akasema yote, foleni ya bombani, lipiko, kitambaa mfukoni, vumbi alilolisugua kwa mkono wake. Alipofika penye lipiko la gauni, Mama aligeuka pembeni kuficha kicheko, lakini mabega yalimsaliti.

Mathayo hakucheka. Aliichukua kofia yake, akatazama kidirisha kilichopofuka, akaking'oa ili atie kingine.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilikuuliza kwa mdomo, sikukutazama. Mteja akiniuliza kama kioo chake ni kizima nami nikajibu bila kukitazama, mtu huyo hatarudi. Kwako nimefanya vivyo hivyo."

"Mama Yustina, mpe mtoto ruhusa amalize," Mzee Bakari alimwambia Mama. Akavuta pumzi kwa shida. "Hao wacheshi niachieni mimi."

Mama alifikiri. Mwishowe alikubali, lakini sasa masharti yaliongezeka. Mchanga ungechekechwa nje, upepo ukiwa mgongoni. Kitambaa angekifunga Mama mwenyewe, naye asingetoka karakanani mpaka kazi ikwishe.

Alasiri watoto walipofika bombani, Mzee Bakari alimwita Issa.

"Kijana, tushindane mbio mpaka bombani."

"Babu, nitakushinda."

"Tuone."

Mzee Bakari akainuka na kujikaza. Hatua chache tu, akashika nguzo ya banda. Kifua chake kilifanya mlio kama mvukuto wa mhunzi wenye tundu. Watoto wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Mimi zamani nilikuwa na uso mzuri," alisema alipopata pumzi. "Sikutaka kuufunika. Uso bado ninao, au siyo? Ila hauniwezeshi kufika bombani."

Issa aliinama, akampa mkono kumrudisha penye kreti.

Siku ya Ijumaa mashine ilinguruma. Yustina alivaa kitambaa, akavaa kofia, Mama akakaza kamba mpaka mtoto akaguna. Issa na Zainabu walisimama mlangoni wakitaka kuona.

"Humu haingii mtu na pua wazi," Yustina aliwaambia kutoka ndani ya turubai.

Issa alivua shati akajizungushia usoni. Zainabu alijitanda kanga yake mara mbili.

"Yustina," alisema kwa sauti ndogo, "siku ile nilicheka vibaya."

"Sogea huku, hapo huoni kitu."

Mathayo alipokitoa kioo, Yustina alibandua mpira polepole, akianzia pembeni kwenye mistari ya nembo. Mkia wa kuku ukatokea, kisha mbawa, kisha vifaranga. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mzee Bakari alikiinua kuelekea jua, akasema anamjua kuku yule, ni wa jirani yake, na bado anamdai mahindi aliyoyadonoa.

Jumamosi vioo vilipakiwa ndani ya nyasi kavu, na lori likashika njia ya Mahurunga. Yustina alilipungia mkono mpaka likapotea. Kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Mama alimshika bega.

"Mwanangu, mtu akikucheka, kicheko chake kinakaa mdomoni mwake, na mdomo hauchelewi kupata habari nyingine. Lakini vumbi likishakaa kifuani mwako, hakuna atakayekuja kukuondolea. Linda kifua chako kwanza. Na siku ukishindwa kwa aibu, njoo uniambie. Aibu tutaibeba wawili, ila uongo sitaubeba."

"Ndiyo, Mama," alisema Yustina.