Ndio ya Solange mu Phonie

Ninaapa kwa kaburi ya nyanya yangu, na kwa pension ambayo Serikali inanificha tangu vita ianze: habari hii ni kweli kuanzia kichwa mpaka mukia. Sikuongeza chumvi, sikuongeza hata pilipili. Mutu akikamata uongo humu ndani, akuye kwangu Vulamba mchana kweupe, achukue Komanda, jogoo yangu ule munene anayetembea kama anadai kodi. Nimemaliza kuapa. Musikilize.

— Butembo, Butembo, hapa Beni. Unanipata? À toi.

Solange alifinya kifungo cha micro.

— Beni, nakupata muzuri. Sema. À toi.

— Solange, ni mimi Josaphat. Uko umekaa? À toi.

— Niko nimekaa. Sema basi!

— Barabara imefungwa. Banapigana Kalunguta, kati yenu na sisi, tangu asubuhi. Na ndege inakuya hapa kiwanja cha Mavivi leo hii, kubeba bazungu bote. Bote, Solange. Senad pia. À toi.

Kidole cha Solange kilibaki juu ya kifungo, hakifinyi, hakitoki.

Kwa ule ambaye hajaona phonie: ni radio kubwa inayokula betri ya gari, waya yake imefungwa juu ya mukaratusi. Mumoja akisema, mwingine ananyamaza, njo maana kila neno linaisha na «à toi», zamu yako. Siri hakuna. Ukimuambia bibi yako kama unamupenda, Beni inasikia, Lubero inasikia, na foleni ya nje ya kabini inasikia na kukusaidia maneno. Solange njo alikuwa mwenye kabini ya Vulamba, mutaa wetu wa Butembo. Alishatangaza matanga, mizigo ya chumvi, batoto wamezaliwa, bila kukunja uso. Siku hiyo uso ulikataa.

Huyo Senad alikuwa fundi wa maji, ametoka nchi inaitwa Bosnia, anajenga chemchemi za vijiji vya Kalunguta. Josaphat alikuwa chauffeur wake, dereva, shemasi wa Baprotestanti, na yeye njo alimufundisha Kiswahili. Donc Senad alikuwa anasema Kiswahili cha chauffeur: nusu salamu, nusu matusi ya mbuzi inayolala mu barabara. Kwa hicho Kiswahili alimupenda Solange, na Solange alimupenda vilevile.

Mara ya kwanza kumuleta nyumbani, Tata Siméon, baba ya Solange, Mukatoliki wa kuimba Kilatini, alichinja nguruwe. Kwa akili yake, muzungu ni Mukatoliki, ao, ikiwa bahati mbaya, Muprotestanti. Wa namna ya tatu Mungu hajaumba. Senad alikula ndizi tu. Akasema tumbo inauma. Tantine Orpa, dada ya Tata Siméon, alikimbia kumuchemushia majani machungu, kopo nzima, na Senad kwa heshima akayanywa yote. Hapo njo tumbo ilianza kuuma kweli. Alipotoka chooni, mweupe kuliko alivyoingia, akasema:

— Tata, tumbo ilikuwa muzima. Mimi niko Muislamu.

— Muzungu Muislamu? Tata Siméon akapiga paja kwa kicheko. Na mimi niko Mushinwa!

Akaangalia Solange. Solange hakucheka. Kicheko cha muzee kikafia njiani.

— Bon, alisema siku ile. Dini tutabishana, maisha ni murefu. Mais nani atakuya kumusemea? Baba yake iko wapi? Mujomba yake?

— Balikufa, Tata. Vita ya kwao ilibamaliza.

— Basi mimi nitaongea na nani?

Neno hilo njo lilifunga mulango. Kwetu Banande, mwanaume haombi binti kwa kinywa chake. Bazee bake banakuya, banasema. Bazee ba binti banasikia, banatoka inje kushauriana bila mutu kubaharakisha, kisha banarudi na jibu. Senad hakuwa na muzee hata wa kuazima. Miezi ikapita hivyo, anakuya siku ya posho, njo Jumamosi, anasalimia, anatengeneza bomba ya jirani, anarudi Beni.

Na sasa ndege.

— Solange! phonie ikalia tena. Senad anasema umuite Tata yako. Tuko mu gari, pembeni ya kiwanja. Tutaomba hapahapa, mu phonie. À toi.

Foleni ikapiga kelele.

— Muite, binti! alisema Mama Mariette, muuza maharagwe, mwenye zamu. Mimi nilikuwa nataka tu kuuliza bei ya Beni. Maharagwe haina ndege!

Tantine Orpa alishapandisha kitambaa, anakimbia. Akarudi na Tata Siméon mu koti ya misa, na ndugu yake Kahongya, mutu wa maneno mengi, ambaye njo anasemaga kwa jina la jamaa.

Kahongya akapokea micro kama chupa ya divai.

— Beni! Hapa ni jamaa ya Siméon. Tunasikia kuko bageni. Nani anasema? À toi.

— Wabukire, bazee, nabasalimia. Ni mimi Josaphat. Niko baba ya Senad. À toi.

Tata Siméon akamunongoneza ndugu yake sikioni. Kahongya akafinya:

— Muzee anauliza: wewe Josaphat, Munande kama sisi, mweusi kama sufuria, umezaa muzungu namna gani? À toi.

Foleni ikaanguka kwa kicheko. Hata Lubero ilicheka, tuliisikia mu waya.

— Bazee, sikumuzaa. Vita ilinipatia. À toi.

Kicheko kikapunguka.

— Na uko Muprotestanti, alisema Kahongya.

— Niko.

— Donc Muprotestanti, baba ya Muislamu, anaomba mutoto wa Mukatoliki.

— Muzee, kwa hii vita, mwingine amebaki nani? À toi.

Solange aliangalia mushale mudogo wa betri. Ulikuwa umeshaingia nusu ya chini. Betri ya pili ilikuwa garaji, inangoja mafuta ya groupe, mashine ya umeme, na mafuta ilikuwa inatoka Beni, na Beni imefungwa.

— Baba mudogo, alisema polepole, fupisha.

— Binti hasemi hapa! alifoka Tata Siméon.

— Sisemi kama binti, Tata. Nasema kama mwenye phonie. Betri inaisha.

Kahongya akafupisha kwa namna ya Kahongya, yaani akauliza mambo mengi mengi: mutoto huyu tabia yake? Anakunywaga kasiksi, pombe ya ndizi?

— Hakunywi, alisema Josaphat. Ramazani ikifika anashinda na njaa, na mimi naficha mukate wangu chini ya kiti, nasikia haya kukula mbele yake. Siku ya Mungu ananingoja inje ya kanisa mpaka mahubiri inaisha, na munajua mahubiri yetu. Mama yangu alipokufa, alichimba kaburi pamoja na bandugu, hakungoja kuombwa. Bazee, kama munataka mbuzi, nitaileta mimi. Na mbuzi ya mujomba ndani ya hesabu. Mais munijibu, ndege ninaiona. À toi.

Sauti nyingine ikaruka katikati:

— Hapa Lubero! Tata Siméon, mukubalie huyo muzungu, tuko na mugonjwa wa kutangaza! À toi.

— Lubero, toka mu mambo ya jamaa! À toi!

Kahongya akaweka micro chini, akakohoa.

— Tumesikia. Sasa tunatoka kushauriana.

— Baba mudogo, hapana! Solange akasimama. Jibuni hapa hapa. Mukitoka, itazimika!

— Binti yangu, alisema Tata Siméon, na safari hii hakufoka, jibu la kutolewa ndani ya kelele si jibu. Kesho batasema tulikuuza kwa kuogopa ndege. Nakuheshimu. Ngoja.

Bakatoka. Bakasimama chini ya mukaratusi, vichwa pamoja, Kahongya anahesabu vidole, Tata Siméon anatingisha kichwa. Solange aliwaona kupitia dirisha ndogo. Mungu wangu, bazee banavyojua kusimama!

Mu phonie, mungurumo ukaanza kuingia. Halafu sauti ambayo haikuwa ya Josaphat:

— Solange. Ni mimi. Banasema nipande. Nimebaki peke yangu chini. Solange, sema kitu. Kimoja tu. À toi.

Mushale ulikuwa umelala karibu na sifuri. Kusikia hakukuli betri sana. Kusema njo kunakula. Solange alijua kazi yake: hapo kulikuwa kumebaki neno fupi, moja. Akilitumia yeye, la bazee halitapata njia. Akingoja la bazee, ndege itatoka. Na binti hajibu mbele ya bazee. Hata nyanya yake na nyanya ya nyanya yake hawakufanya.

— Tantine, nifanye nini?

Tantine Orpa alifunika mudomo na kitambaa.

— Usiniulize, mama. Ukiniuliza nitakuambia.

Solange aliangalia dirisha. Kahongya alikuwa bado kwenye vidole.

Akafinya.

— Senad, ndio. Ninakubali. Ndio!

Akaachia. Mu phonie hakukuwa na ndege, hakukuwa na Senad, hakukuwa na hata ule mukoromo wa kila siku. Taa ndogo nyekundu ilififia kama mutu anafunga jicho.

Mulango ukafunguka. Tata Siméon aliingia na uso wa sikukuu.

— Binti, muambie yule Josaphat: jamaa imekubali. Dini tutapanga. Baambie ndege ingoje.

Solange hakugeuka.

— Imezimika, Tata.

— Imezimika namna gani? Ilikuwa na nguvu!

— Nimeitumia.

— Kusema nini?

— Ndio.

— Mbele yetu?

— Mbele yenu, Tata.

Tata Siméon alisimama na koti yake ya misa, mikono inatafuta mahali pa kwenda. Kisha akachukua micro, akafinya kifungo kwa vidole viwili kama mutu asiyezoea, akainama mpaka ndevu ikagusa chuma.

— Allô, Beni! Ni baba mwenyewe anasema! Tumekubali! Munanisikia? Bote tumekubali! À toi.

Akangoja.

— Allô, Senad, mutoto! Ulikula ndizi tu, mimi sikukasirika! Shuka! À toi!

Akangoja tena. Solange akamuondolea micro mu mukono, polepole, kidole kwa kidole.

Bon. Ndege iliruka. Mais munafikiri Senad alikuwa ndani? Hapana! Alifungua mulango magurudumu ikiwa bado chini, akaruka, akagaragara mu majani, akasimama. Alikata Kalunguta katikati ya risasi, na baaskari ba kila upande, bakisikia anaenda kuoa, banasimamisha vita kidogo na kumupigia saluti. Akaingia Vulamba juu ya pikipiki, mbuzi zimefungwa nyuma, moja imeshika usukani! Padiri, pasta na imamu balibariki pamoja, mumoja akikohoa mwingine anaendelea, na Tata Siméon alicheza mpaka—

— Vieux!

Hapo, niwaeleze, nilikuwa ninasoma habari hii kwa sauti kubwa mbele ya kabini ya phonie, foleni yote inapiga makofi. Sauti ilitoka ndani, inaniita «vieux», muzee. Makofi yakakufa.

— Vieux, hiyo harusi ilikuwa siku gani? aliuliza Solange kupitia dirisha ndogo. Mimi sikualikwa.

— Mutoto wangu, ni... ni kwa kupamba tu mwisho...

— Uliapa hakuna chumvi.

— Niliapa.

— Basi sema ya kweli. Ao niiseme mimi?

Akaisema yeye, micro mu mukono, bila kukunja uso. Josaphat alikuya kwa miguu barabara ilipofunguka, viatu vimeisha. Alisema: neno la Solange lilifika. Mais Senad alikuwa ameshasukumwa mu ndege, na aliyebaki na sikio mu gari ni Josaphat. Alikimbia mu kiwanja anapiga kelele, «Amekubali! Amekubali!», na mashine inanguruma juu ya sauti yake. Senad alionekana kwenye kioo, ameweka mukono nyuma ya sikio. Alisikia ao hakusikia? Josaphat hajui. Shirika lilimupeleka nchi nyingine, phonie yetu haifiki kule, na barua hazijarudisha kitu.

— Njo mwisho huo, vieux. Umeusahau?

Sikuusahau. Ni hiyo njo ilinishinda kuisoma.

— Sasa, alisema, Komanda iko wapi?

Nilienda kumuleta mwenyewe, anapiga mabawa, anajua amesalitiwa. Mama Mariette alishaanza kuuliza kama kuko vitunguu. Solange akakataa. Akamufunga kamba ndefu kwenye mukaratusi wa antene.

— Huyu hapikwi leo. Angoje ile harusi yako.

Kila asubuhi, mbele ya kutangaza ya batu, Solange anawasha mashine na kusema: «Kwa kila anayesikia, popote: Solange wa Vulamba alisema ndio. À toi.» Anaachia kifungo, anangoja. Tata Siméon, akipita kwenda misa, anaingiza kichwa na kuongeza: «Na baba yake pia.» Sasa Komanda naye anawika palepale, mu micro, na Lubero inauliza:

— Butembo, huyo wa tatu ni nani?

— Ni jogoo ya muongo mumoja, anajibu Solange. Toeni njia, kuko batu banasikiliza.