Mkoba wa Kwenye Picha

Saa kumi alasiri simu ililia mara moja juu ya meza ya cherehani. Kimya, msichana wa miaka kumi na miwili, aliichukua. Karakanani hapakuwa na mtu mwingine. Zamani mlango huu haukukosa wateja wa kubishana bei na mama. Tangu mama afariki, baba alishona mikoba peke yake, na wanunuzi walimpata mtandaoni, wengi wao kutoka nchi jirani. Muuza ngozi alizoea kumtania, "Fundi, wateja wako ni majini? Sauti nasikia, miguu siioni."

Ujumbe wa leo ulitoka kwa mama mmoja mwenye duka ng'ambo ya mpaka. "Binti, mikoba imefika, lakini siyo ile ya kwenye picha. Mshono wake ni mpana. Nairudisha."

Kimya alitazama ukutani. Mkoba wa kwenye picha ulining'inia kwenye msumari. Aliushona mama, na mshono wake ulikuwa mdogo, umenyooka kama uzi wa buibui. Kimya ndiye aliyeupiga picha na kuiweka mtandaoni, kwa kuwa uliipita mikoba mingine yote kwa uzuri.

Baba aliporudi na muuza ngozi, Kimya aliwaeleza yote. Baba hakumgombeza. Aliketi tu.

"Huyo akituacha," muuza ngozi alisema, "ngozi nimuuzie nani? Na dereva wa mizigo apeleke nini mpakani?"

"Nilitaka tupate wateja, baba."

"Najua, mwanangu. Lakini mteja wa hapa hushika mkoba kwa mkono wake. Wa mbali hushika neno letu tu. Tukimdanganya yeye, tumewanyima kazi hata wenzetu. Piga picha ya huu wangu. Mshono uonekane."

Kimya aliupeleka dirishani, akaupiga picha, akamtumia yule mwenye duka na kuomba radhi. Usiku ulipita bila jibu. Asubuhi simu ililia; alikuwa yeye mwenyewe.

"Huu nitauchukua, kwa bei yake. Na ule wa picha ya kwanza?"

"Hauuzwi, shangazi. Aliushona mama. Hayupo tena."



"Pole, binti. Basi nishoneeni sita kama huu wa baba."

Ijumaa dereva alipakia mzigo. Jumanne ujumbe uliingia: "Mzigo umefika. Ni kama kwenye picha."