Pini ya Nne kwenye Ramani

Kwa miaka sita Ada Crabtree hakukosa shule hata siku moja. Zilibaki siku tisa tu apewe medali ya mahudhurio, na katika mji ule wa viwanda vya nguo, medali hiyo ilitundikwa ukutani kando ya picha ya Mfalme.

Lakini asubuhi hiyo aliitika jina lake kwa sauti ndogo. Mdogo wake, Percy, alikuwa nyumbani na bibi yao, koo limemvimba, amefungwa soksi ya sufu shingoni. Kabla ya kukimbilia kiwandani, mama alikuwa amemwonya Ada: "Usimwambie mtu. Tukiandikwa kwenye orodha ya wagonjwa, utafungiwa ndani wiki sita. Medali yako kwaheri!"

Mara akaingia Daktari Ormerod, mkaguzi wa afya, akatundika ramani ya mji ubaoni. Pini tatu nyekundu zilikuwa zimechomekwa.

"Nellie, Maud na Hilda wana dondakoo," alisema. "Wote wanakunywa maziwa ya Mzee Tunnicliffe. Leo namfungia biashara."

"Nilijua yale maziwa yananuka!" alidakia Walter.

"Unanuka wewe!" alijibiwa, darasa likacheka.

Ada hakucheka. Jumapili wasichana hao watatu walikuja kwao kucheza na Percy, ambaye koo lilikuwa limeshaanza kumuuma, wakapokezana peremende moja mdomo kwa mdomo. Aliwaza medali. Akawaza jinsi Percy alivyokoroma usiku kucha. Akasimama.

"Daktari," alisema, "si maziwa. Ni kwetu."

Daktari alinyakua mkoba wake na ile ramani, wakaondoka mbio. Walimkuta Percy midomo imegeuka rangi, kila pumzi anaivuta kwa shida. Daktari alimchoma sindano, kisha akavuta kiti akangoja. Saa zilikwenda polepole mno. Mama alirudi jioni, nyuzi za pamba zimemjaa nyweleni, akamwona daktari na kuangua kilio. Ndipo pumzi ya Percy ilipoanza kulegea.

"Ningekuja kesho, nisingemkuta," Daktari alisema. Alikunjua ramani mezani, akachomeka pini ya nne. "Mama, pini hizi si za kumwaibisha mtu. Nikijua ugonjwa ulipo, nitauzuia. Mkiuficha, unatembea nyumba hadi nyumba huku mimi nahangaika na maziwa ya watu. Ada ameokoa watu leo. Na hiyo medali inayowafanya watoto waje shule na magonjwa, nitaongea na mwalimu mkuu."

Siku ya medali, Nellie na wenzake walikuwa wamepata nafuu, na Mzee Tunnicliffe alikuwa akigawa maziwa yake kama kawaida. Ada alikuwa dirishani, kadi ya onyo ikiwa bado imebandikwa mlangoni kwao. Machozi yalimlengalenga.

"Dada, umeshinda?" Percy aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Ada alimvuta karibu, akasikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka bila kukwama.

"Nimeshinda," akasema.